Amani yenye folda ya siri

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Yoshua 9, na kamstari kamoja tu ka Zaburi ya 15, ule wa nne, pale anaposifiwa mtu ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake". Someni kwanza afu mrudi, na asiye na Biblia karibu asijali, huko mbele ntasimulia.

Nianze na langu, maana tafakari ya kumsema mwingine ni rahisi mno. Mwaka juzi baba mkwe alifariki, na kwenye msiba mi ndo nlishika daftari la rambirambi. Mnaojua misiba ya kwetu mnaijua hiyo kazi, umekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, huyu anakupa hela mkononi, yule anatuma kwenye simu, mwingine anakwambia niandikie elfu kumi ntaleta jioni, jioni haonekani na wewe ulishaandika. Siku ya kuhesabu ikapungua shilingi 75,000. Wifi yangu hakusema kitu pale mbele za watu, alisubiri usiku akanitumia meseji. Sitaziandika hapa, ntasema tu zilikuwa kumi na moja na ya mwisho iliingia saa nane usiku. (Ile hela mpaka leo sijui ilienda wapi, na namshukuru Mungu kwamba angalau mimi najua sikuila.)

Tukanuniana miezi saba. Kwenye vikao vya familia nakaa upande huu yeye upande ule, salamu ya kichwa tu. Mwisho mzee wa kanisa na shangazi mkubwa wa ukoo wakatukalisha chini, tukaongea, tukalia, tukaombeana, soda zikaletwa, tukakumbatiana na watu wakapiga vigelegele. Nikasema kwa kinywa changu, yameisha. Na nlimaanisha jamani, sikuwa naigiza.

Sasa kuna jambo sikulisema siku ile. Zile meseji kumi na moja nlikuwa nimezipiga skrinshoti zote, na baada ya kupatanishwa sikuzifuta, nlizihamisha. Nlitengeneza folda kwenye simu nikaipa jina Mapishi, maana mwanaume gani atafungua folda ya mapishi, na mwanzoni kabisa nikaweka picha mbili za maandazi ili hata mtu akifungua aone maandazi. Kwa nini niliziweka? Ukiniuliza siku ile ningekujibu "basi tu, huwezi jua". Hilo "huwezi jua" ndo naomba tulitafakari wiki hii.

Mwanangu wa pili yuko chuo anasoma falsafa (msiniulize atakuja kufanya kazi gani, tumeshagombana vya kutosha hapa nyumbani). Likizo iliyopita nachambua mchele yeye amekaa kwenye kindoo ananisimulia, mama kuna mzee mmoja wa Kijerumani anaitwa Immanuel Kant, aliandika kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu duniani. Mzee huyo alizaliwa 1724 mji wa Königsberg, nchi ya Prussia enzi hizo, baba yake alikuwa fundi wa mikanda na hatamu za farasi, na wazazi wote wawili walikuwa Walutheri wa uamsho, watu wa sala haswa. Mtoto mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakuwa mtu wa kuonekana sana ibadani, na kuna mahali aliandika maneno ya ovyo kabisa kuhusu sisi watu weusi, hilo kijana hakunificha na mimi siwafichi. Lakini kitabu hicho alichokitoa 1795, akiwa na miaka 71, kina mambo ambayo mtu wa imani akiyasikia anakaa vizuri kwenye kiti.

Jina la kitabu kumbe mzee alilitoa kwenye kibao cha nyumba ya wageni ya Mholanzi mmoja, kibao kimeandikwa habari ya amani ya milele, na chini yake pamechorwa makaburi. Nikacheka, maana na sisi tunaandika hivohivo, pumzika kwa amani. Na kweli makaburini ni pametulia, hamna anayemdai mwenzake rambirambi. Ila nikajiuliza hivi tunapoinua mikono Jumapili kuombea amani ya dunia huwa tunaomba ipi, maana zipo nchi zimetulia kwa sababu upande mmoja uliisha, au umefungwa, au unaogopa kupumua, na zipo ndoa za hivo, na hata sharika.

Afu kijana akasema sharti la kwanza kabisa la yule mzee. Mkataba wa amani hauhesabiwi kuwa mkataba kama anayesaini ameficha moyoni sababu ya vita ijayo. Huo ni mapumziko tu, watu wanapumua kidogo wakusanye nguvu. Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo. Nlihisi kama mtoto alikuwa ameshika simu yangu.

Mzee hakutunga kitu cha hewani. Mwaka ule ule, tarehe 5 Aprili 1795, mfalme wake alikuwa amesaini amani na Ufaransa pale Basel, Uswisi, na mkataba ule ulikuwa na vipengele vya siri. Mwezi wa kumi Prussia, Urusi na Austria wakamalizia kuigawana Poland, nchi nzima ikafutika kwenye ramani, ikaja kurudi 1918. Yaani huku unapatana na huyu ili mikono ibaki wazi ya kumkaba yule. Na Ufaransa yenyewe wakapigana nayo tena 1806, miaka kumi na moja tu baadae.

Na dunia haikujifunza. Mwaka 1928 wakubwa walikutana Paris wakasaini kwamba vita sasa basi, hatutaitumia tena kumaliza ugomvi, Ujerumani ilisaini, Italia ilisaini, Japani ilisaini, na waziri wa Marekani aliyehusika, Frank Kellogg, akapewa tuzo ya Nobel. Miaka kumi na moja baadae, usiku wa tarehe 23 Agosti 1939, mawaziri wa Hitler na Stalin wakasaini Moscow kwamba nchi zao hazitashambuliana, watu wakaona picha, tabasamu, glasi zimeinuliwa, kumbe kuna karatasi ya pili haikuonyeshwa mtu, inayogawa Poland tena (maskini Poland) na nchi jirani zake. Tarehe 1 Septemba Wajerumani wakaingia, tarehe 17 Wasovieti wakaingia upande wa pili. Ile karatasi ya siri Moscow waliikana miaka hamsini, wakaja kukiri 1989. Miaka hamsini unasema folda ile ni ya mapishi.

Ila cha kuniliza mimi ni cha hapa kwetu. Agosti 4, 1993, Arusha, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walisaini mkataba wa amani, tulisikia redioni tukasema asante Yesu, majirani wamepona. Kumbe mwezi mmoja kabla, Julai ya mwaka huohuo, redio ya chuki RTLM ilikuwa imeshaanza kurusha matangazo Kigali, na mapanga yalikuwa yanaingia nchini kwa shehena, na vijana wanafundishwa kuua. Kalamu iko Arusha, panga liko nyumbani. Aprili 6, 1994 rais Habyarimana alikuwa anarudi kutoka Dar es Salaam, kwenye kikao cha kuusukuma mkataba uleule utekelezwe, ndege ikadunguliwa ikikaribia Kigali, na kuanzia kesho yake Watutsi wakaanza kuuawa, pamoja na Wahutu waliokataa, zaidi ya watu laki nane kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, ndani ya siku mia moja hivi. Mwisho wa mwezi ule watu takriban 250,000 wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, huku Tanzania, ndani ya siku moja tu. Mi nlikuwa binti, nakumbuka kanisani tulikusanya nguo na masufuria, nikatoa gauni nlilokuwa nalipenda na nikanung'unika. Baadae mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kuhukumu mauaji yale ikawekwa Arusha, mji uleule wa kusaini. Sijui kama kuna mahubiri yanazidi hayo.

Sasa turudi kwa yule mzee maana ana kipimo kimoja nimekipenda kuliko vyote. Anasema, kwa maneno yangu mimi, kama jambo unalotaka kumtendea mwenzako linawezekana tu likiwa limefichwa, na ukilitamka hadharani linaharibika hapohapo, basi jua jambo hilo sio haki. Wapendwa jaribuni hicho kipimo leo jioni mkiwa mnakunja nguo. Nlijiuliza, je siku ile ya soda ningeweza kusimama nikasema, "wifi nimekusamehe, yameisha, na meseji zako nimezitunza zote kwenye folda ya Mapishi kwa ajili ya siku utakayonikosea tena"? Mzee wa kanisa angerudisha chupa ya soda mezani. Shangazi angechukua mkoba wake akaondoka.

Kuna mahali mzee ananichanganya. Anasema tatizo la kutengeneza serikali nzuri hata taifa la mashetani wangeliweza, ili mradi wana akili, yaani kila mmoja anamchunga mwenzake kwa sheria mpaka wote wanakuwa wastaarabu kwa lazima. Hapo namuelewa nusu. Sheria inaweza kumzuia shetani asiue, sikatai, na tunaihitaji sana, polisi wawepo na mahakama ziwepo. Lakini mashetani wawili waliosainishana wataacha kutengeneza folda? Mwanangu akasema mama hata yeye hakuishia hapo, mbele kidogo analeta maneno ya Bwana Yesu kwamba siasa inasema muwe na busara kama nyoka, na maadili yanaongezea, bila hila kama njiwa. Na pengine anageuza ule mstari wa utafuteni kwanza ufalme wa Mungu na haki yake, anasema tafuteni kwanza haki nayo amani itakuja yenyewe. Mtoto wa watu wa sala huyo, hata akikaa nje ya kanisa shule ya Jumapili inamtoka tu mdomoni.

Haya, Yoshua 9. Wagibeoni walisikia Israeli wanavyopiga miji, wakaogopa, wakajifanya wametoka nchi ya mbali. Walivaa viatu vya viraka, wakabeba mkate umekauka una ukungu na viriba vya mvinyo vimepasuka vimeshonwa shonwa, wakasema tulipotoka nyumbani mkate huu ulikuwa moto. Wazee wa Israeli wakaangalia ule mkate, hawakumuuliza Bwana, wakaapa kwamba hatutawaua. Siku tatu baadae wanagundua kumbe ni majirani, wako palee. Watu wakanung'unika, na hapo mwanasheria yeyote wa leo angekwambia mkataba umevunjika kwa sababu ya udanganyifu. Wazee wakasema tumewaapia kwa Bwana, hatuwagusi. Waliwapa kazi ya kuchanja kuni na kuteka maji, sio heshima kubwa, lakini wakaishi.

Tena fungueni sura ya 10. Wafalme watano wakainuka kuipiga Gibeoni kwa sababu imepatana na Israeli, Wagibeoni wakatuma ujumbe Gilgali, kwenye kambi ya Yoshua, wakisema usituache. Yoshua angeweza kuchelewa tu kidogo, akafika akakuta wameisha, akaenda zake akiwa hajavunja kiapo. Ndo ingekuwa folda yake hiyo, na hamna ambaye angemlaumu. Alitembea usiku kucha. Jua lililosimama, ambalo watoto wetu wanaliimba, lilisimama kwenye vita ya kuwatetea watu waliomdanganya na mkate wa ukungu. Mi nimeokoka miaka mingi na sikuwahi kuunganisha hizo sura mbili.

Miaka mingi ikapita mpaka Sauli akaja kuwaua Wagibeoni, na Biblia inasema alifanya hivo kwa bidii yake kwa ajili ya Israeli na Yuda, yaani alikuwa mzalendo. Ile 2 Samweli 21 inasema njaa ilikuja miaka mitatu siku za Daudi, na Daudi alipouliza akajibiwa ni kwa sababu ya damu ile. Walivyoimaliza sura hiyo ni pagumu sana kwangu, wale wana saba wa nyumba ya Sauli waliotundikwa kulipia damu hiyo, na Rispa mama wa wawili kati yao amekaa juu ya mwamba amevaa gunia anafukuza ndege mchana na wanyama usiku wasiguse zile maiti, tangu mavuno yalipoanza mpaka mvua iliponyesha. Sina maelezo ya kuwapa. Nimeona tu kwamba aliyelipa neno lililovunjwa hakuwa aliyelivunja, alikuwa mama mmoja, na huko Ngara pia walikuwa wamama.

Najua kuna atakayesema mama umeongea vizuri lakini dunia sio sharika, ukifuta ushahidi wako unaliwa. Ni kweli. Desemba 1994 pale Budapest Ukraine ilikubali kuachia silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, na Urusi, Marekani na Uingereza wakatia sahihi kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Mwaka 2014 Urusi ikachukua Crimea, na 2022 ikaivamia kwa vita kamili. Sasa nani tena atakubali kuachia chake kwa karatasi? Kila neno linalovunjwa linamfundisha mtu mwingine mbali huko kutunza skrinshoti, na ndo maana namuona yule mzee aliona mbali aliposema hata mkiwa vitani msitende yale yatakayofanya msiweze kuaminiana tena siku ya amani.

Lakini angalieni na upande huu. Desemba 1987 Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Muungano wa Kisovieti walisaini Washington kuharibu makombora yao ya masafa ya kati, na Reagan akarudia methali ya Kirusi ya amini lakini hakiki, Gorbachev akamwambia hiyo unairudia kila tukikutana, watu wakacheka. Wakakubaliana wakaguzi wa huyu waende kwa yule na wa yule waje kwa huyu, wasimame waangalie kombora likikatwa. Hadi katikati ya 1991 yaliharibiwa makombora 2,692. Ule mkataba nao ulikuja kufa 2019, sawa, lakini 2,692 yaliharibiwa kweli. Kuhakiki kule hakukuwa kwa kificho, kila mmoja anajua mwenzake anamwangalia na amemkaribisha. Busara ya nyoka sijaikataa, sasa ukiniuliza ipi ni busara na ipi ni hila, mi narudi kwenye kipimo cha mzee, je unaweza kumwambia?

Basi Jumamosi iliyopita nikavaa khanga nikaenda kwa wifi. Nlimkuta uwani anapukuchua mahindi. Tukasalimiana, nikakaa kwenye kigoda, nikachukua mahindi na mimi nikapukuchua kama magunzi manne nikitafuta pa kuanzia. Afu nikatoa simu, nikafungua Mapishi, nikampa. Akaona maandazi, akasema "haya umeyapika lini?" Nikamwambia endelea. Akaendelea. Akasoma zote kumi na moja bila kusema neno, akafuta mikono kwenye khanga, akanyanyuka akaingia ndani, nikajua leo ndo leo.

Akarudi na simu yake ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke anafoka, kali, anasema mambo ya aibu kuhusu mtoto wa mtu, na sikuitambua mara moja. Ilikuwa yangu. Voisi nlizomtumia wiki ileile ya msiba, tatu, nlishazisahau kabisa, kwenye hadithi yangu mimi nlikuwa mtu niliyetumiwa meseji tu.

"Wewe ya kwako unaiitaje?" nikamuuliza.

"Kwaya."

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika kwenye mahindi. Afu tukanyamaza. Nikamwambia haya wifi tufute. Akasema anza wewe. Nikamwambia hapana we ndo dada wa mwenye nyumba, anza wewe. Akasema basi tuhesabu mpaka tatu tufute pamoja, kila mtu amuone mwenzake, tukaweka simu magotini vidole juu ya kioo, akahesabu mwenyewe, moja, mbili, tatu.

Hamna aliyebonyeza.

Akanitazama, nikamtazama, akasukuma kuku kwa mguu. "Hesabu wewe sasa," akasema. Nikaanza tena, moja.